Tarehe 9 haingoji: jibu kwa mhasibu anayefikiria kuhama Windows

Msomaji mmoja wa Mombasa, mhasibu wa kujitegemea anayetunza vitabu vya hesabu vya hoteli mbili ndogo, duka la vifaa vya ujenzi na kampuni moja ya uwakala wa forodha, ameniletea swali ambalo nalifupisha hivi. Laptopu yake ya Windows 10 imechoka, betri haimalizi saa moja, na kila akijaribu kuipandisha kwenda Windows 11 inamjibu kwamba haikidhi masharti. Mdogo wake wa kiume, ambaye kazi yake ni kuhariri video za harusi, anamsihi anunue MacBook Air na kuachana na Windows moja kwa moja. Yeye ametenga shilingi 150,000 za Kenya. Ofisini ana makarani wawili wanaotumia Windows, programu ya hesabu ya Tally, faili la Excel la mishahara alilorithi kwa mhasibu aliyemtangulia, na diski ya nje yenye nakala za kazi za miaka saba. Anauliza kama huu ndio wakati wa kuhama.

Dada yangu, kwa kazi uliyonieleza, ningekushauri ubaki kwenye Windows kwa mashine hii unayoinunua sasa. Siyasemi haya kwa kuidharau Mac. Jibu hili lenyewe naliandika kwenye MacBook, na mengi aliyokwambia mdogo wako ni kweli. Ila yeye anachagua kifaa kwa kazi yake, nawe huna budi kuchagua kwa kazi yako, na njia ya kufanya hivyo ni kuuliza ni shughuli ipi ambayo ikikwama siku moja tu mteja wako atatozwa faini, kisha kuangalia shughuli hiyo inakubali mfumo gani. Mengine yote, kuanzia wembamba wa kifuniko hadi uzuri wa skrini, yanakuja baada ya hapo.

Chukua tarehe 9. Kabla siku hiyo haijapita, kila mwajiri nchini Kenya anatakiwa awe amewasilisha ritani ya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) ya mwezi uliotangulia, ile P10, nawe unaifanya kwa wateja wanne. Kwa miaka mingi P10 imekuwa faili la Excel lenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili: unalipakua kutoka iTax, tovuti ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), unaziruhusu makro zifanye kazi, unajaza majina, PIN (namba za mlipa kodi) na mishahara au kuivuta orodha kutoka faili la CSV, kisha unabonyeza kitufe cha kuhakiki, na faili lenyewe linakutolea faili la zip ambalo ndilo unalolipakia. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi. Makro za Excel huandikwa kwa lugha ya VBA, na Excel ya Mac inaielewa VBA, lakini aliyeziandika akiwa ametegemea vipande vya Windows yenyewe, kama vitufe vya ActiveX au kazi ya kufunga mafaili kuwa zip, basi kwenye Mac makro inaita kitu kisichokuwepo na inasimama palepale. Saa nne ya usiku wa tarehe 9 si wakati wa kuanza kusoma ujumbe wa kosa la VBA.

Faili lako la mishahara unaweza kulichunguza mwenyewe leo, bila fundi. Lifungue kwenye laptopu yako ya sasa, bonyeza Alt pamoja na F11, na ukurasa wa makro utafunguka. Hapo tafuta maneno mawili tu. La kwanza ni CreateObject, ambalo mara nyingi ni alama kwamba makro inaomba msaada wa sehemu ya Windows ambayo haimo kwenye Mac. La pili ni C:\, yaani anwani ya folda iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya makro. Kwenye Mac hakuna diski inayoitwa C, na folda huandikwa kwa mkwaju uliolala upande mwingine, kwa hiyo kila mstari wenye anwani hiyo utahitaji kuandikwa upya. Ukikuta mistari mitatu, hiyo ni kazi ya jioni moja. Ukikuta arobaini, na aliyeliandika faili ameshahamia Doha wala hapokei simu, umeshapata jibu la swali lako. Angalia pia kama kuna karatasi iliyojengwa kwa Power Pivot, zana ya Excel ya kuchanganua data nyingi, maana Excel ya Mac haina Power Pivot kabisa, na kama kuna orodha yoyote ya wateja iliyowekwa kwenye Access, programu ya hifadhidata, kwa kuwa Microsoft haitengenezi Access ya Mac.

Pengine utajiuliza kwa nini nayashikilia mafaili namna hii ilhali wauzaji husema Excel ni Excel popote ilipo. Nilijifunza kwa aibu. Mwaka 2012 nilimsaidia mteja mmoja mwenye nyumba ya wageni kuhamisha orodha ya wadaiwa wake kutoka Mac ya zamani kwenda kompyuta ya Windows ya mhasibu mpya. Nilinakili safu, nikabandika, nikaangalia jumla. Jumla ilikuwa sawasawa hadi senti, nami nikaaga. Wiki iliyofuata nikaitwa kwa hasira. Ankara ya tarehe 30 Juni 2012 ilikuwa inasomeka 29 Juni 2008, na orodha nzima ya wadaiwa ilionyesha watu waliochelewa kulipa kwa zaidi ya miaka minne, baadhi yao wakiwa wageni waliokaa wiki iliyopita. Sababu ni kwamba Excel huiweka tarehe kama hesabu ya siku, na matoleo ya zamani ya Mac yalianza kuhesabu mwaka 1904 wakati ya Windows yalianza 1900. Tofauti yake ni siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. (Ile ya Windows yenyewe ina kasoro iliyobebwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, ambayo iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mwaka mrefu ilhali haukuwa.) Excel za leo za pande zote mbili huanza na 1900, lakini faili la zamani lililoanzishwa kwa 1904 hubaki na kalenda yake, na jumla za fedha haziwezi kukuonya. Tangu siku ile sihamishi orodha yoyote bila kulinganisha tarehe tatu kwa macho, ya juu, ya katikati na ya chini.

Sasa tuje kwenye Tally, ambayo naona ndiyo inayofunga hoja. Tally ni programu ya Windows. Mdogo wako atakwambia kwamba unaweza kuiweka Windows ndani ya Mac, na hilo ni kweli kwa namna fulani, lakini namna yenyewe imebadilika na wengi bado wanazungumzia ya zamani. Mac za chipu za Intel zilikuwa na Boot Camp, iliyokuwezesha kuiwasha mashine ikiwa Windows kamili. Mnamo Novemba 2020 Apple ilitoa M1, chipu yake yenyewe ya jamii ya ARM, tofauti na ile ya Intel, na Mac zote za chipu hizo hazina Boot Camp. Kilichobaki ni kuiendesha Windows ndani ya dirisha kwa programu kama Parallels Desktop, ambayo Microsoft iliiidhinisha rasmi mwezi Februari 2023 kwa ajili ya Windows 11 ya ARM. Windows hiyo huzitafsiri programu za Intel wakati zikiendeshwa, na nyingi hukubali. Isichoweza kukitafsiri ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukiendesha kifaa. Draiva ya printa ya risiti, ya skana kongwe au ya kifaa chochote cha USB lazima iwe imeandikwa kwa ARM tangu mwanzo, na kwa vifaa vya miaka saba iliyopita usitarajie mtengenezaji kurudi nyuma kuiandika. Hesabu pia gharama: Parallels ina malipo yake, Windows ina leseni yake, Office ina yake ukinunua ile ya mashine moja, na RAM uliyoilipia kwa bei ya Apple inagawanywa kati ya mifumo miwili inayoendeshwa kwa wakati mmoja. Utakuwa umenunua Mac ili uitumie kama Windows kwa siku nzima ya kazi.

Ipo njia nyingine ya kukodi Windows kwenye seva ya mbali na kuiingia kwa intaneti, na kwa ofisi yenye nyaya za faiba zinazotegemeka inafanya kazi vizuri. Kwako, ambaye umesema siku nyingine huketi kwenye ghala la mteja ukitumia intaneti ya simu, siioni ikidumu.

Mtego huohuo wa ARM upo hata ukibaki Windows, na huu watu wengi hawaujui. Tangu Juni 2024 zimekuja laptopu za Windows zenye chipu za Snapdragon X. Ni nyembamba, betri zake ni nzuri sana, na muuzaji atakuonyesha Windows 11 ileile unayoijua. Ndani yake hata hivyo ni ARM, na tatizo la draiva ni lilelile. Kwa ofisi yako sisitiza Intel au AMD, na usiridhike na neno la muuzaji. Fungua ukurasa wa mfumo kwenye mipangilio usome kama imeandikwa x64, alama ya chipu za Intel na AMD.

Nisije nikamdhulumu mdogo wako. Anaposema betri, ana haki: MacBook Air ya M1 na zilizoifuata hukaa siku nzima ya kazi ya maandishi na hesabu bila waya, na kwa mtaa ambao umeme hukatika saa tisa alasiri hiyo si anasa. Anaposema ukimya, ana haki pia, kwa sababu Air za chipu za Apple hazina feni, na laptopu isiyo na feni haivuti vumbi wala hewa ya chumvi ya pwani kuiingiza ndani. Lakini kutokuwa na feni kuna upande wake wa pili. Apple yenyewe inataja nyuzi 10 hadi 35 za Selsiasi kuwa kiwango cha joto cha kuitumia mashine, na ofisi ya ghorofa ya juu chini ya mabati mjini Mombasa mwezi wa Machi inaweza kuupita mpaka huo bila taabu. Hapo mashine hujipunguzia kasi ili isiungue. Kwa barua na jedwali hutaona tofauti. Kwa kazi ndefu utaiona.

Kuna mambo mawili madogo ambayo hayatajwi dukani na ambayo vidole vyako vitayajua siku ya kwanza. Hakuna MacBook yenye safu ya tarakimu upande wa kulia wa kibodi, nawe umeniambia unaingiza ankara mia mbili kwa jioni. Unaweza kununua kibodi ya nje, naam, lakini tayari ni kitu kimoja zaidi cha kubeba na kusahau kwa mteja. Tena kwenye Mac vitufe vya juu kabisa hurekebisha mwangaza na sauti kwanza. F2 ya kuhariri kisanduku na F4 ya kufunga anwani ya kisanduku zinahitaji ushike Fn mpaka ubadilishe mipangilio. Haya yanazoeleka, mimi nilihitaji kama wiki tatu, lakini zisiwe wiki tatu za Juni, wakati kila mtu anakimbilia kuwasilisha ritani ya mwaka.

Diski yako ya nje nayo inahusika. Ikiwa imekuwa ya Windows tangu mwanzo, yaelekea imepangwa kwa NTFS, mpangilio wa diski wa Windows, na Mac huisoma NTFS lakini haiandiki ndani yake bila programu ya nyongeza. Utafungua kazi ya mwaka 2021, utairekebisha, na ukitaka kuihifadhi palepale mashine itakukatalia. Kwa flashi inayotembea kati yako na makarani, ipange upya kwa exFAT, ambayo pande zote huiandika. Ila usijaribu hivyo kwa diski yenye data, maana kupanga upya ni kufuta.

Nikugeukie sasa ununuzi wenyewe. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji wa kawaida ilifungua mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza hadi 13 Oktoba 2026. Laptopu yako inakataliwa na Windows 11 kwa sababu ya umri wa chipu: umeniandikia i5-7200U, na ile 7 ya mbele inamaanisha kizazi cha saba, wakati Microsoft huanzia kizazi cha nane cha Intel na kutaka pia TPM 2.0, kijenzi cha usalama cha mashine. Kwa hiyo ukienda kwenye maduka ya ex-UK (mashine zilizotumika Uingereza), usishangilie neno i5 wala i7. Soma tarakimu zinazofuata. I7 ya kizazi cha sita iliyopakwa rangi upya ni mzigo, na najua maduka ambayo huweka Windows 11 kwa ujanja juu ya mashine za namna hiyo. Itawaka, itapendeza, na siku moja sasisho kubwa litakataa kuingia.

Ningekuchagulia laptopu ya kiofisi ya inchi 15.6 yenye safu ya tarakimu, Intel ya kizazi cha kumi na mbili kwenda juu au AMD Ryzen ya rika hilo, RAM ya GB 16, SSD ya GB 512. Katika familia za ThinkPad, Latitude na EliteBook tafuta zile ambazo RAM yake inachomolewa, kwa kuwa hata huko matoleo membamba yamebandikwa kabisa kama ya Apple. Kwenye MacBook Air uamuzi wa RAM na diski hufanywa siku ya kununua na haubadiliki. Ni afadhali kwamba tangu Oktoba 2024 Apple ilifanya GB 16 kuwa kianzio cha Air mpya, lakini sokoni bado kuna nyingi za GB 8, na hizo nakusihi usiziguse hata siku utakayohama.

Ukiwa dukani, kabla ya kutoa pesa, fungua dirisha la amri la Windows uandike powercfg /batteryreport. Mashine itakuandikia ukurasa unaoonyesha betri ilitengenezwa na uwezo gani na sasa inajaa kiasi gani. Ikiwa imeshuka chini ya robo tatu, ama bei ishuke ama betri ibadilishwe mbele yako. Zima na uwashe mashine uone kama BIOS, programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows, inadai nywila, kwa kuwa laptopu nyingi za ex-UK zilikuwa za makampuni na baadhi hutoka bila kufunguliwa. Kwa MacBook ya mkono wa pili hatari ni kubwa zaidi: ifute kabisa na uianzishe upya ukiwa umeunganishwa na intaneti, na ikikuletea ujumbe kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, au ikidai akaunti ya mtu mwingine, irudishe. Hakuna fundi wa mtaani atakayekufungulia kwa njia ya halali.

Nawe usivutwe na MacBook ya Intel iliyoshuka bei kwa sababu tu ina Boot Camp. Apple imekwisha kutangaza kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa mashine za Intel, na Windows 11 haijawahi kuzikubali rasmi.

Ikiwa moyo bado unakuvuta kwenye Mac, usibishane nao, upime. Azima mashine ya mdogo wako kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 20 ya mwezi mmoja, muda unaobeba P10 na ritani ya VAT pamoja. Yanayofunguka kwa kivinjari, kama iTax yenyewe na eTIMS Lite, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hayatakusumbua. Fanya mishahara ya mteja mmoja, yule mwenye wafanyakazi wachache zaidi, kuanzia faili la mishahara hadi risiti ya KRA, huku laptopu yako ya zamani ikiwa pembeni. Kila unapolazimika kuigeukia ile ya zamani, andika kwenye daftari ni kwa jambo gani. Daftari likibaki na mistari miwili au mitatu ambayo ina dawa, hama, nami nitakusaidia. Hali yako pia itabadilika siku utakapohamisha vitabu vya wateja wote kwenda programu ya hesabu ya mtandaoni, na wawili kati yao, kwa ulivyonieleza, wameshaanza kuuliza. Hapo Tally haitakuwa tena sababu, na mashine inayofuata baada ya hii inaweza kuwa Mac bila hofu.

Hata ukinunua Windows, laptopu ya zamani usiiuze. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, na ofisa wa kodi akija kuulizia ankara ya mwaka wa juzi hatajali kwamba toleo lako jipya la Tally limekataa kufungua data ya toleo la zamani. Itoe kwenye intaneti, iache na Tally yake na Excel yake kama zilivyo, ifunge kwenye mfuko pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, iweke kabatini mbali na dirisha. Kila baada ya miezi mitatu itoe, ichaji hadi nusu, uiwashe, ufungue faili moja la kila mteja, kisha uizime na kuirudisha.